Msufi Haukumbatiwi

Kwenye rafu ya ofisi yangu, nyuma ya meza, kuna kipande cha kamba ya katani kisichozidi urefu wa mkono. Hakina kazi. Kamba ninazotumia siku hizi ni za nailoni, za rangi ya machungwa na kijani, na kila moja imekuja na cheti chake kama mwanafunzi aliyefaulu. Lakini mvua ikipiga Mbagala na unyevu ukaingia ndani, kile kipande huamka. Hutoa harufu ya majani makavu na vumbi la zizi, na ukikisogeza puani unamsikia ng'ombe kabisa. Hapo mie huacha ninachokifanya, na sauti ya Mzee Mtulia hunijia kana kwamba amesimama mlangoni: "Huyu? Huyu atapanda kitanda tu, na kitanda chenyewe kiwe kifupi."

Naomba mniruhusu nijisifu kidogo, maana nikimwachia jirani anisifu nitasubiri sana. Nimesomea kazi ya kukwea na kutunza miti. Nina stashahada niliyoipata Ujerumani. Iko ukutani ndani ya fremu ya kioo, na kila mteja anayeingia namkalisha kwenye kiti kinachoitazama. Nimepunguza matawi juu ya mapaa ya Kinondoni ambako hata paka hupita kwa kunyata, na sijavunja kigae. Nimeshusha minazi mizee ya Temeke kipande kwa kipande, katikati ya nyumba zilizobanana kama meno, na mama ntilie aliyekuwa chini hakufunika hata sufuria yake. Wapo waliosema nikienda nje sitarudi, na wapo waliosema nikirudi nitarudi na mabegi ya mitumba. Nimerudi na kamba, na ujuzi, na vijana ninaowafundisha wanapanda leo huku mama zao wamelala usingizi.

Sasa turudi Chamazi, nilipokuwa darasa la sita, na hapakuwa na mtu hata mmoja mtaani aliyeamini kwamba ningeweza kupanda ngazi ya kubadilishia balbu.

Walikuwa na sababu. Miaka ya nyuma yake nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye mkorosho, nikavunja mkono wa kushoto, na mkono ukaunga vibaya. Mpaka leo kiwiko changu kinatazama pembeni, kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya pili. Wenzangu waliniita Kiwiko. Mama, ambaye alikuwa mjane na hakuwa na mtoto wa kiume mwingine, alinipiga marufuku kugusa mti wowote. Wenzangu walipokuwa juu ya miembe, mie nilikuwa chini nimeshika kapu, na maembe yaliyooza yalikuwa yananiangukia mimi.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na msufi. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyeupanda, wakati Chamazi bado ilikuwa mikorosho na minazi mitupu na nyumba ya bati ilikuwa kitu cha kuonyeshana. Msufi ni mti wa ajabu. Shina lake limenyooka kama nguzo ya umeme, limejaa miiba mifupi kule chini, na matawi yake hutoka kwa ngazi: yanatoka manne au matano mahali pamoja, yakitawanyika kama mbavu za mwavuli, kisha shina tupu, kisha mengine tena. Kiangazi hudondosha majani yote na kubaki na matunda tu, marefu kama matango, ya kahawia, yananing'inia. Ndani ya tunda ndimo mna sufi. Tunda likipasuka lenyewe juu ya mti, umelikosa. Upepo unalichukua, na mtaa mzima unapiga chafya.

Na mwaka ule Dada Zuhura alikuwa anaolewa.

Kwetu, bibi harusi haendi kwa mumewe bila mito. Wakati huo magodoro ya sponji yalishakuwa yamejaa madukani, lakini mama wa bwana harusi, mwanamke wa pwani wa asili, wa Mtoni, alikuwa na msimamo wake. Sponji, alisema, inachemsha ubongo. Siku ya posa alipouliza kwa upole kuhusu matandiko, Mama alijibu mbele ya watu wote, kwa sauti niliyoisikia nikiwa uani: "Mito ya mwanangu itatoka kwenye msufi wa mama yangu." Wanawake wakapiga vigelegele. Neno limeshatoka. Na neno la mjane mbele ya wakwe halirudi tumboni.

Tatizo ni kwamba mti ulikuwa umekua kuliko maneno. Miaka yote matunda yalidondoshwa kwa upondo mrefu wenye ndoano ya waya. Mwaka ule upondo haukufika hata ngazi ya kwanza ya matawi. Mama akamwita Mzee Mtulia, mkwezi wa minazi aliyejulikana mpaka Mbande, mtu mwembamba mwenye nyayo ngumu kama soli na ulimi mkali kuliko panga lake. Akauzunguka msufi, mikono nyuma, akarudi.

"Mama Zuhura, mie mnazi naupanda kwa kuukumbatia. Ndiyo kazi yenyewe, kifua kwa kifua. Msufi haukumbatiwi. Chini miiba, juu boflo."

"Boflo vipi?"

"Matawi yake, mkate mtupu. Tawi la mwembe likitaka kuvunjika hulia kwanza, unapata nafasi ya kusema shahada. La msufi haliagi. Unashtukia uko chini na malaika wanakuuliza jina."

Nikasema, sijui nilipata wapi kinywa: "Mie nitapanda."

Ndipo aliponitazama kiwiko, akamtazama Mama, akasema lile neno lake la kitanda. Zuhura mwenyewe alicheka, halafu akaingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake, hacheki tena. "Wataniletea maneno maisha yangu yote," alisema. "Kila nikikosea chumvi, watasema, ndiye yule aliyekuja bila mito."

Sikuwa na njia. Njia niliipata Vingunguti, na sikuitafuta.

Mjomba Shomari, ndugu yake Mama, alikuwa anashika ng'ombe kwenye machinjio. Likizo nilikuwa naendaga kwake, nakaa juu ya ukuta wa zizi, napumua harufu ile nzito ya samadi na damu na majani, natazama. Juma lile alishushwa dume mmoja kutoka bara, mweusi, mwenye nundu kama gunia, aliyekuwa ameshawarusha wanaume wawili. Mjomba hakukimbizana naye. Alimpitisha zizi zima kwa kamba mbili. Kamba moja imefungwa kwenye chuma. Ya pili inapelekwa mbele, inafungwa kwenye chuma kingine, inavutwa, inajaribiwa. Ndipo ya kwanza inafunguliwa na kupelekwa mbele zaidi. Chuma hadi chuma, dume akafika mahali pake bila kuwahi, hata kwa nukta, kuwa huru.

"Hii haifunguliwi mpaka ile ishike," Mjomba alinifokea kutoka chini, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kuifungua. "Ukiwa na kamba moja, ng'ombe ni wako mpaka yeye aamue vingine."

Nilikaa juu ya ule ukuta, na kichwani mwangu zizi likasimama wima. Vyuma vikawa shina. Na ng'ombe nikawa mie.

Leo vijana wangu kazini wanajua mambo hayo kwa majina yake. Pale kamba inaposhikia tunapaita nanga, na kamba fupi inayomzunguka mpandaji na shina tunaiita kamba ya kiuno. Nawaambia: tawi si nanga kwa sababu ni nene, ni nanga kwa sababu umelijaribu. Na kama mti ni wa boflo, acheni matawi, zungusheni shina lenyewe, juu kidogo ya ngazi ya matawi, ili kamba isipate pa kuteremkia. Wanaandika. Mimi sikuandika popote. Niliyaona yote siku moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, nimekalia ukuta wa machinjio.

Nilikuwa na akili, ila kamba sikuwa nayo hata moja. Nikaanza kuazima.

Mjomba alinipa kamba ya katani iliyokuwa imelainika kwa kushikwa na kunukia mafuta ya ngozi za ng'ombe. "Hii imeshika madume," alisema. "Wewe hata ukibeba mfuko wa saruji hutaisumbua." Akanifundisha fundo la zizini, ambalo likivutwa linauma, lakini mkia wake ukivutwa kwa mkono mmoja linaachia. Kwa mtu mwenye kiwiko kama changu, fundo la mkono mmoja ni zawadi. Halafu akasema: "Na mama yako akiniuliza, mie sikujui."

Kamba ya pili, nayo ya katani, ilikuwa ya kisima cha Bi Tausi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa anauza maji na kutoa maoni bure. "Kamba ya kisima?" alisema, ameshika kiuno. "Watu wanywe nini, machozi yangu? Mtoto mwenyewe hata mkono haujanyooka!" Akaendelea kunisema mpaka alipochoka, kisha akamalizia kwa sauti ileile: "Njoo Jumamosi alfajiri, watu wakishateka. Alasiri iwe imerudi."

Mkanda alinishonea Fundi Kassimu, fundi viatu wa njia panda. Alikuwa na mikanda ya magari mabovu aliyokuwa anaitumia kwa vishikio vya mabegi. Akakunja mmoja mara mbili, akaushona kwa uzi wa nta, akatia pete mbili za chuma, moja kila upande wa kiuno. "Mkanda ni wa kuazima, nina mteja wa begi anausubiri," alisema, akikata uzi kwa meno. "Na ukianguka, nitasema ulinunua Kariakoo."

Hata Mzee Mtulia nilimwendea. Nilitaka kitanzi chake cha miguuni, kile wakwezi wanachotia nyayoni ili mguu usiteleze, nikitundike kwenye shina kipatikane cha kukanyaga. Alikuwa anakula muhogo. Hakuinuka. Alikivua msumarini nyuma yake, akanitupia. "Chukua. Kesho tutapata cha kufungia jeneza."

Nadhani mnajua mtaa ulivyo. Kabla sijafika nyumbani na kile kitanzi, Mama alishaambiwa na watu wote wanne, kila mmoja kwa wakati wake.

Alinikuta uani alfajiri ya Jumamosi, nimevaa mkanda, kamba ya kisima iliyolowa inanidondoshea maji miguuni. Nilisubiri kofi. Alizunguka, akashika kila fundo kwa vidole viwili, kama anayechagua nyanya.

"Sitaki kuona unavyopanda," alisema. "Nataka kuona unavyoanguka."

Akanipeleka kwenye mkorosho uleule ulionivunja mkono. Nikapanda kimo cha mtu, nikazungusha kamba, nikafunga. Akasema, "Jiachie." Nawaambia ukweli, mikono ilikataa. Akili ilisema ndiyo, tumbo likasema ndiyo, vidole vikasema hatumjui huyu. Mama akasogea, akanishika kifundo cha mguu, akavuta.

Nikaanguka, na sikuanguka. Mkanda ulinibana mbavu, nikazunguka hewani kama kuku anayepimwa uzito, na mguu wangu ukampiga Mama begani. Akanifungua kamba ya kwanza, akaniangusha tena kwa ya pili. Ilishika. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Haya. Panda msufi."

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa la mtu aliyefurahi. Yale mafundo ya ncha za kamba yaliyokuwa yameshika pete ya kushoto, sikuyafungua tena. Mama ameyapitisha, nani mimi niyaguse? Fundo lililofaulu mtihani halirudii darasa. Nikaenda nayo vilevile, la kamba ya ng'ombe likiwa kavu, la kamba ya kisima likiwa limelowa chapachapa.

Ngazi ya mbao ilinivusha kwenye miiba. Kuanzia hapo ilikuwa zizi. Kamba moja inazunguka shina juu ya matawi, fundo kwenye pete ya kulia, vuta, jaribu. Ndipo ile ya chini inafunguliwa. Kitanzi cha Mzee Mtulia kikawa ngazi yangu. Na kiwiko kilichochekwa kiligeuka ndoano: kilikuwa kinapita nyuma ya tawi na kukaa pale kama kilichongwa kwa kazi hiyo. Nilipofika ngazi ya pili ya matawi, watoto walikuwa wamejaa ukutani kwa Bi Tausi. Nilipofika ya tatu, walishakuja hata watu wazima. Niliona bati za nyumba ambazo sikuwahi kujua zina kutu, niliona njia ya Mbagala na vumbi lake, na nilijiona mimi, jamani, nilijiona.

Nikachomoa ule upondo wa ndoano, niliokuwa nimeufupisha na kuubeba mgongoni, na matunda yakaanza kushuka. Yalitua chini kwa kishindo kikavu, pu, pu, na Zuhura akawa anayakusanya kwenye gunia. Kitu kimoja tu kilinikera. Mzee Mtulia alikuwa amekuja na reki, na badala ya kumsaidia dada yangu kujaza gunia, alikuwa anayasukumia matunda mahali pamoja, pamoja na majani makavu na ile sufi iliyopasuka, lundo kubwa, chini yangu kabisa. Nikihamia tawi la kulia, naye analihamisha lundo kulia. Nikienda kushoto, naye kushoto, anahema.

"Mama, anaichafua sufi!" Zuhura alilalamika.

"Mzee Mtulia, shikamoo, tuachie sufi yetu!" nilipiga kelele kutoka juu. Watoto wakaangua kicheko.

"Marahaba. Tazama mikono yako, fala wewe," alijibu, hakuacha.

Adhuhuri ilipokaribia, jua lilikuwa limekaa kwenye utosi. Kichala kikubwa kuliko vyote kilikuwa kwenye tawi la ngazi ya nne, mbali kidogo na shina. Kamba zote mbili zilikuwa zimezunguka shina juu ya kichwa changu, nikalegeza urefu, nikatembea juu ya tawi kwa hatua za bata. Nikanyoosha upondo. Na tawi likaondoka.

Halikulia. Mzee Mtulia alisema kweli: haliagi. Lilikuwepo, kisha halipo. Kamba ya kisima ndiyo iliyokuwa fupi zaidi, na ilinidaka kwanza, nikaisikia inanidaka, halafu nikaisikia inaniachia, polepole, kama kiganja cha mtu anayesinzia. Ilichomoka kwenye pete ya kushoto na kuniponyoka kiunoni. Nikashuka tena. Kisha mkanda ukanikata pumzi, na nikawa naning'inia, uso unatazama mbingu, sufi nyeupe inaelea pande zote.

Nikasikia sauti ya Mama, si kubwa.

"Upo?"

"Nipo."

"Umeshikwa na nini?"

Nikatazama. "Ng'ombe."

"Basi tulia kama ng'ombe."

Nikatulia. Nilipopata pumzi nikajivuta mpaka shinani, nikakaa kwenye panda ya matawi, nikazungusha kamba ya ng'ombe upya, fupi. Kisha nikaichukua ncha ya kamba ya kisima na kuitazama. Haikukatika. Ilikuwa nzima, kavu, nyepesi, na nyembamba. Asubuhi ilikuwa nene kama kidole gumba; sasa ilikuwa kidole cha shahada. Fundo nililolikaza lilikuwa la kamba nyingine, iliyonyweshwa maji. Jua lilipoinywa, fundo likabaki koti la baba kwenye mwili wa mtoto.

"Ni kamba ya kisima!" nilitangaza. "Imekauka!"

"Kamba yangu ina kosa gani?" Bi Tausi alipaza sauti, amechomwa. "Miaka yote inashusha ndoo, haijawahi kuniangushia hata moja!"

"Bi Tausi, kisimani haijawahi kukauka!"

Akafungua mdomo, akaufunga. Watu wa Chamazi walisema baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ajabu kubwa ya siku ile.

"Shuka," alisema Mama.

Nilitazama juu. Matunda ya ngazi ile na ya juu yake yalikuwa bado, na yalianza kupasuka kwa joto. Upepo mmoja wa jioni ungeyamaliza. Kwenye gunia la Zuhura palikuwa na mto mmoja, labda na nusu. Zuhura alikuwa ameshika mdomo wa gunia kwa mikono miwili.

Sikushuka. Nilifunga upya ile kamba kavu, nikaikaza kwa uzito wangu wote, nikaacha mkia mrefu, na mkia nao nikaufunga fundo la kuzuia. Ikilowa, itazidi kubana, ikikauka, imeshakauka. Kisha nikaongeza urefu wa kamba ya ng'ombe, ikalegea kabisa bila kufunguliwa, nikasema: "Mama, tazama ninavyoanguka."

Nikajiachia mwenyewe. Hakuna aliyenivuta mguu. Kamba ya kisima ikanishika, ikalia kidogo kwenye pete, ikanishika. Nikaning'inia pale juu ya lundo la Mzee Mtulia, mikono nimeitandaza, kama anayeswali angani.

Mama alilitazama fundo, kisha jua. "Maliza basi," alisema. "Jua linakwenda."

Niliumaliza mti mzima. Alasiri kamba ya Bi Tausi ilikuwa imerudi, kama alivyotaka. Lakini mara tu watu walipokwisha kuteka, Mama alinituma nikaiombe tena, aioshe, akae nayo mpaka mambo yetu yaishe, na Bi Tausi akaitoa bila hotuba, akatumia ya nailoni ya mwanawe. Juma zima uani kwetu tulichambua sufi, tukitoa mbegu, tumefunga vitambaa puani, weupe mpaka kope. Mito ikashonwa, mikubwa na midogo, ikatiwa foronya zilizotariziwa. Siku ya harusi mama mkwe wa Mtoni alichukua mmoja mbele ya watu, akaukandamiza, akauachia, akautazama ukivimba wenyewe. Akamtazama Mama. Akaitikia kwa kichwa mara moja tu. Vigelegele vilivyofuata nilivichukua kuwa vyangu, na sijavirudisha.

Baada ya harusi Mama akaniita. Mbele yake palikuwa na vimto vinne vidogo, alivyovishona kwa sufi iliyobaki. Mnaijua desturi: sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na futari, itarudi na maandazi. "Kamba nayo ni chombo," alisema. Akanifundisha kuzifunga: kila kamba imeoshwa, imekaushwa, imezungushwa kwenye mto wake kama zawadi.

Nikapita nazo mtaani, kifua mbele. Bi Tausi alinisema kwamba kamba imetakata mno, ndoo itateleza, huku amekumbatia mto. Fundi Kassimu aliuweka wa kwake juu ya kigoda, akakalia, akasema tangu siku hiyo watu wote wataambiwa mkanda ulitoka kwake, si Kariakoo. Mjomba Shomari alichekwa na wenzake Vingunguti nzima, mshika madume na mto wa maua. Akachomoa kisu, akakata ncha ya ile kamba, akanipa. "Aliyerudisha haondoki mkono mtupu." Ndicho kipande kilichoko kwenye rafu.

Wa mwisho alikuwa Mzee Mtulia. Alikivua kitanzi, akakirudisha msumarini. Mto akauweka chini, kwenye mchanga, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, akiinamia. Akatikisa kichwa.

"Huu usingetosha," alisema.

Nilikasirika. Nilidhani mzee anadai mto mkubwa zaidi. Miaka mingi ilipita kabla sijamwelewa, nikiwa Ujerumani, kwenye mafunzo, baridi inanitafuna masikio. Mwalimu alitusimamisha tusitazame juu alipo mpandaji, bali chini, kwa mtu aliyesimama naye hatua kwa hatua, ambaye macho yake hayatoki juu na miguu yake inamfuata kila anapohama. Mwalimu hakuwa amemaliza sentensi yake, nami nilikuwa nimeshaona reki, na lundo linalohamishwa kulia, kushoto, na mzee anayehema. Ndiyo maana katika kampuni yangu mtu wa chini analipwa sawasawa na mtu wa juu, na wanaouliza kwa nini nawaambia ni utaratibu wa Ujerumani.

Nimejijenga mwenyewe. Hilo nalisema na nitalisema. Lakini kamba zote zilikuwa za watu, na kila mmoja wa watu hao aliniambia sitaweza huku ananikabidhi.

Siku ile lakini sikujua hayo. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikamwambia Mama kwamba Mzee Mtulia hana shukrani. Alikuwa anafagia mabaki ya sufi uani, yakiruka mbele ya ufagio na kurudi nyuma yake.

"Umemrudishia?"

"Nimemrudishia."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

"Basi deni la kamba limekwisha," alisema, akanikabidhi ufagio, akaenda kukaa chini ya msufi, akitazama juu.